Usingoje Damu ya Pili

Mkulima, ukienda kukamua alfajiri ukaona ng'ombe wako akojoa mkojo mwekundu kama chai ya rangi, utafanya nini? Twajua utakalofanya. Utaweka ndoo chini, utatuma mtu mbio kumwita daktari wa mifugo, maana wajua kwamba kupe wameleta ugonjwa, na ng'ombe huyo akiachwa siku chache aweza kufa. Hutasema, "Ngoja nione kama kesho utakuwa mweupe."

Sasa twakuuliza swali la pili. Siku ukiona mkojo wako mwenyewe ni mwekundu, utafanya nini? Hapa watu wengi hunyamaza. Mmoja atasema alibeba gunia zito jana. Mwingine atasema ni joto. Mwingine ataona haya kumwambia hata mkewe. Kesho yake mkojo ukiwa safi atafurahi na kusahau, kisha atawasha sigara yake na kwenda shambani. Ng'ombe apata daktari siku ile ile, na mwenye ng'ombe apata daktari baada ya mwaka mzima.

Makala hii yahusu mambo mawili ambayo watu wengi hawajui kwamba yana ujamaa: sigara na mkojo. Kila mtu amesikia kwamba sigara huharibu mapafu. Ni wachache waliosikia kwamba huharibu pia figo na kibofu cha mkojo. Tutaeleza jinsi sumu ya moshi inavyofika huko, dalili ambazo hapana budi uzijue, na namna ya kumsaidia mgonjwa wa nyumbani kwako aache kuvuta.

SAFARI YA SUMU

Mtu avutapo sigara, moshi huingia mapafuni. Lakini sumu yake haikai mapafuni tu. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na kati ya hizo kama 70 zajulikana kuwa huleta saratani, yaani kansa. Nyingi kati yake hupita katika ngozi nyembamba ya mapafu na kuingia katika damu. Damu huzungusha sumu mwili mzima.

Sasa, kazi ya kuisafisha damu ni ya nani? Ni ya figo. Figo zako mbili ni kama chujio la maziwa. Kila siku huchuja kama lita 180 za maji ya damu, zikarudisha karibu yote mwilini, na kutoa taka katika lita moja au mbili za mkojo. Taka za sigara pia hutolewa kwa njia hiyo. Mkojo huteremka katika kibofu, nao hukaa humo saa mbili, tatu, au usiku kucha, mpaka mtu aende haja ndogo. Muda huo wote sumu yagusa ngozi ya ndani ya kibofu.

Wewe wajua bomba la kunyunyizia dawa. Ukimaliza kazi ukaliacha na dawa ndani bila kuliosha, mipira yake huanza kulika. Dawa ya siku moja haitaliharibu bomba. Linaloliharibu ni kuachwa hivyo kila siku, mwaka hata mwaka. Kibofu cha mvutaji ni kama bomba lisilooshwa. Mtu avutaye pakiti moja ya sigara 20 kwa siku huvuta sigara 7,300 kwa mwaka. Kwa miaka 30 ni sigara 219,000. Na baada ya kila moja, kibofu hupokea sehemu yake ya sumu. Mwishowe chembe ndogo za ngozi ya kibofu huharibika, nazo huanza kuzaana bila utaratibu kama magugu. Hiyo ndiyo saratani.

Kama waona vigumu kuamini kwamba kitu kilichoingia kwa mdomo chaweza kuleta uvimbe katika kibofu, mtazame ng'ombe tena. Katika nyanda za juu kuna mmea wa jamii ya kangaga, wenye majani yaliyochanwachanwa kama manyoya ya kuku, ambao huota sana kando ya misitu na penye udongo mchachu. Ng'ombe alaye mmea huo kwa muda mrefu hupata uvimbe katika kibofu, akaanza kukojoa damu. Madaktari wa mifugo wamechunguza wakaona kwamba sumu ya mmea huo hutoka kwa njia ya mkojo, na kibofu ndicho kinachoumia. Mambo ni yale yale, ila ng'ombe hula majani na mtu huyavuta.

JAMBO HILI LILIVYOJULIKANA

Mwaka 1895 daktari mmoja mpasuaji wa mji wa Frankfurt katika Ujerumani, jina lake Ludwig Rehn, alieleza jambo la ajabu. Alikuwa ameona saratani ya kibofu kwa watu waliofanya kazi katika kiwanda kimoja cha rangi za nguo. Watu hao walivuta mvuke wa kemikali siku zote kazini. Baadaye wataalamu wa nchi nyingine waliona mambo yale yale katika viwanda vyao, nao wakazitafuta kemikali zenye hatia mpaka wakazijua. Mwaka 1967 Uingereza ilizipiga marufuku kwa sheria kemikali mbaya zaidi za namna hiyo.

Basi sikiliza. Baadhi ya kemikali hizo hizo zilizokatazwa viwandani zimo katika moshi wa sigara. Mfanyakazi wa kiwanda alikingwa kwa sheria, lakini mvutaji hununua sumu hiyo kwa fedha zake mwenyewe.

Uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2011 ulionyesha kwamba mvutaji ana hatari ya kupata saratani ya kibofu mara nne hivi kuliko mtu ambaye hakuvuta kamwe, na kwamba karibu nusu ya saratani hizo zatokana na sigara. Jambo hilo ni kweli kwa wanaume na kwa wanawake pia. Tena sigara huongeza hatari ya saratani ya figo na saratani ya uume. Na kwa habari ya tezi dume, wagonjwa wa saratani hiyo wanaovuta hufa kwa ugonjwa huo zaidi kuliko wale wasiovuta.

Hatusemi kwamba kila mvutaji ataugua, wala hatusemi kwamba kila mgonjwa wa kibofu alivuta. Wako wavutaji waliozeeka salama, na wako wagonjwa ambao hawakugusa tumbaku kamwe. Lakini mkulima apandaye mahindi bila kungoja mvua aweza kuvuna mwaka mmoja, na mwaka mwingine mbegu zake zaweza kupotea.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili kubwa ya saratani ya kibofu ni damu katika mkojo. Tafadhali shika mambo matatu kuhusu damu hiyo.

Kwanza, mara nyingi haina maumivu yo yote. Watu hudhani kwamba ugonjwa mkubwa lazima uume. Sivyo. Damu isiyouma ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu humdanganya mtu asitafute msaada.

Pili, hutoka na kukoma. Yaweza kuonekana leo, isionekane tena kwa wiki nyingi au miezi. Ikikoma si kwamba umepona. Uvimbe ungali mle ndani na unaendelea kukua. Usingoje damu ya pili.

Tatu, rangi yake si moja. Yaweza kuwa nyekundu, au waridi, au kama chai ya rangi. Pengine huonekana mabonge madogo.

Dalili nyingine ni kwenda haja ndogo mara nyingi kupita desturi, kuchomwa wakati wa kukojoa, kushindwa kuzuia mkojo, au maumivu ya kiuno upande mmoja yasiyoisha. Dalili hizo zaweza kuwa za magonjwa mengine pia, lakini mganga ndiye wa kupambanua. Wewe kazi yako ni kufika.

Kina mama wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Mama akiona damu huweza kudhani ni ya mwezi, au ni ule ugonjwa wa njia ya mkojo alioupata mwaka jana. Akipewa vidonge na damu ikarudi, asinunue tena vidonge vile vile dukani. Arudi hospitali aseme wazi, "Nimetibiwa, na damu imerudi." Na mwanamke ambaye mwezi wake umekwisha koma kwa umri, akiona damu yo yote, asikae hata wiki.

Ni kweli pia kwamba si kila wekundu ni damu. Mtu aliyekula bitiruti aweza kukojoa mkojo mwekundu. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia dawa zake hukojoa mkojo wa rangi ya chungwa. Lakini usijihukumie mwenyewe. Mkojo hupimwa kwa dakika chache, na huo ndio utakaosema kweli.

HABARI YA KICHOCHO

Wasomaji wetu wa pwani na wa bonde la chini la mto Tana, kama vile skimu ya maji ya Hola, watasema, "Damu katika mkojo twaijua, ni kichocho." Ndiyo, kichocho cha mkojo huleta damu, na dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo hiyo. Lakini kuna mambo mawili ya kukumbuka.

La kwanza, kichocho kilichoachwa miaka mingi bila dawa chaweza chenyewe kuleta saratani ya kibofu, kwa maana mayai ya minyoo huichubua ngozi ya kibofu siku zote. Basi mtu mwenye kichocho ambaye tena avuta sigara amekitwika kibofu chake mizigo miwili.

La pili, usiifanye kichocho kuwa jibu la kila damu. Mtu mzima aliyetibiwa kichocho, na damu ikaonekana tena, apimwe upya. Na mtu wa nyanda za juu ambaye hakuoga wala kufanya kazi katika maji yenye kichocho, asikubali kuambiwa na jirani kwamba ni kichocho bila mkojo wake kupimwa.

UTAKUTANA NA NINI HOSPITALINI

Watu wengine hawaendi hospitali kwa sababu waogopa wasichokijua. Basi tutakueleza.

Anza katika dispensari au kituo cha afya kilicho karibu. Peleka mkojo, nao utapimwa kama una damu, vijidudu, au mayai ya kichocho. Mweleze mganga mambo manne bila haya: damu ilionekana siku gani, iliuma au haikuuma, umevuta sigara miaka mingapi, na umefanya kazi gani. Ikiwa haikuonekana sababu nyepesi, omba barua ya kwenda hospitali kubwa ya kaunti. Huko waweza kupigwa picha ya figo na kibofu. Kisha daktari aweza kutia mrija mwembamba wenye taa katika njia ya mkojo, ili akitazame kibofu kwa ndani. Utapewa dawa ya kupunguza maumivu, nayo kazi hiyo haichukui muda mrefu.

Kama uvimbe umeonekana mapema, ungali juu juu kwenye ngozi ya kibofu, daktari aweza kuukwangua kwa kupitia njia ile ile ya mkojo, bila kupasua tumbo. Ukiwa umeingia ndani ya nyama ya kibofu, kazi ni kubwa zaidi, na pengine hapana budi kibofu chote kitolewe. Tofauti ya hayo mawili mara nyingi ni miezi tu. Hiyo ndiyo sababu twakuhimiza usikawie.

Kuna dawa moja itakayokushangaza. Watu wengi wana alama ndogo mkononi waliyochanjwa utotoni kukinga kifua kikuu. Chanjo hiyo huitwa BCG, nayo ilitengenezwa na Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, kutokana na vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe. Mtu wa kwanza alipewa mwaka 1921. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales wa Kanada alitangaza kwamba chanjo hiyo ikitiwa ndani ya kibofu husaidia kuizuia saratani ya juu juu isirudi. Mpaka leo yatumika hivyo katika nchi nyingi.

"NIMEKWISHA UGUA, NIACHE KWA NINI?"

Hili ndilo neno tunalolisikia zaidi kwa wagonjwa. Mzee amepewa habari mbaya hospitalini. Arudipo nyumbani hukaa chini ya mti wake, hutoa sigara na kusema, "Ugonjwa umekwisha ingia. Kuacha sasa kutanifaa nini? Niacheni nifurahie siku zangu."

Mzee huyo amekosea, na twataka kumjibu kwa heshima.

Saratani ya kibofu ina tabia mbaya ya kurudi baada ya kuondolewa. Mgonjwa aendeleaye kuvuta hukipelekea kibofu chake kila siku sumu ile ile iliyoleta uvimbe wa kwanza. Ni kama mtu ang'oaye magugu shambani asubuhi na kupanda mbegu za magugu jioni. Tena mvutaji akipasuliwa, kidonda chake hupona polepole, na kifua chake huleta taabu baada ya dawa ya usingizi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtu akiacha sigara wiki nne au zaidi kabla ya kupasuliwa, hatari hizo hupungua. Basi kama umepewa siku ya kupasuliwa, anza kuacha leo.

Na kwa wale ambao hawajaugua, sikilizeni hesabu hii. Mwaka 1951 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walianza kuwaandika madaktari wa nchi yao, wavutao na wasiovuta, wakawafuata miaka hata miaka kuona nani afa na kwa ugonjwa gani. Matokeo ya miaka 50 yalitangazwa mwaka 2004. Wanaume walioendelea kuvuta walikufa, kwa wastani, miaka 10 kabla ya wale ambao hawakuvuta. Lakini aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijiongezea kama miaka 3. Aliyeacha na miaka 50 alipata 6, na miaka 40 alipata 9, na miaka 30 alipata karibu yote 10. Watu hao walikuwa madaktari wenyewe. Basi asiwepo mtu wa kusema, "Nimechelewa mno."

NAMNA YA KUMSAIDIA MGONJWA WAKO

Katika tumbaku kuna kitu kiitwacho nikotini. Hicho ndicho kinachomfunga mtu. Ubongo ukizoea nikotini huidai kama ndama adaivyo maziwa. Kwa hiyo mvutaji aliyeshindwa kuacha si mjinga wala si mtu asiye na adabu. Amefungwa, na aliyefungwa hafunguliwi kwa matusi.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Mzee ametoka hospitali, naye bado avuta. Mkewe akimwambia mbele ya watoto, "Wewe wajiua mwenyewe, utatuachia deni la shamba," mzee atatoka nje na kuvuta sigara mbili badala ya moja. Lakini akingoja jioni wakiwa wawili, akasema, "Baba watoto, daktari amesema sigara yakirudisha ugonjwa. Nataka tupalilie pamoja msimu ujao. Nikusaidieje?" hapo mzee aweza kujibu, "Mama watoto, asubuhi ndiyo ngumu. Nikimaliza kukamua mkono wenyewe hutafuta sigara." Sasa wamejua adui yuko wapi, nao waweza kupanga shauri.

Basi fuateni mambo haya:

1. Chagueni siku. Isiwe siku ya mnada wala siku ya malipo ya maziwa, wala siku ya arusi, bali siku ya kawaida katika wiki mbili zijazo. Mgonjwa mwenyewe ndiye aichague, na watu wa nyumbani waijue.

2. Siku hiyo ikifika ondoeni kila kitu: sigara, kiberiti cha mfukoni, kiko, kisahani cha majivu. Fueni koti linalonuka moshi. Asibakize moja "ya dharura", maana hiyo ndiyo itakayomrudisha.

3. Jueni saa zake za hatari, mkaweke kitu kingine mahali pake. Kama ni baada ya kukamua, apelekewe uji au chai hapo hapo. Kama ni baada ya chakula, aondoke mezani akatembee mpaka mwisho wa boma. Awe na muwa, karoti au njugu mfukoni, na anywe maji mengi.

4. Hamu ya sigara ni kama mvua ya ghafula. Huja kwa nguvu, kisha hupita baada ya dakika chache. Afundishwe kungoja, kuvuta pumzi ndefu, na kushika kazi ya mikono mpaka ipite.

5. Mvumilieni. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Atakuwa mkali, hatalala vizuri, na fikira zake zitatangatanga. Hayo hupungua sana baada ya wiki mbili mpaka nne. Watoto waambiwe, "Baba si mkali kwenu, ni ile sigara yaondoka."

6. Wavutaji wengine wa nyumba hiyo wasivute mbele yake, na ingekuwa vizuri zaidi waache pamoja naye. Watu wawili waachao pamoja hutiana nguvu. Rafiki wa kweli hatampa sigara mtu aliyetoka hospitali.

7. Usimtume mtoto dukani kununua sigara. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18, na yakataza pia kuuza sigara moja moja.

8. Wekeni kopo. Kila siku mtieni fedha ambazo zingenunua sigara. Mwisho wa mwezi zihesabuni pamoja, mkaone kama ni mbolea, ni dawa ya kupe, au ni karo ya shule. Mkulima aweza kubishana na daktari, lakini hawezi kubishana na kopo.

9. Akianguka akavuta moja, msiseme kwamba kazi yote imeharibika. Wavutaji wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kushinda kabisa. Mwulizeni, "Ilitokea wapi, na ulikuwa na nani?" kisha aanze tena siku hiyo hiyo.

DAWA ZA KUSAIDIA KUACHA

Zamani watu walidhani kwamba kuacha ni kwa nguvu za moyo tu. Leo kuna dawa. Iko plasta ya kubandika ngozini na iko chingamu, zote zenye nikotini kidogo isiyo na moshi, ili mwili uzoee polepole. Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa hizo za nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge viwili, vareniklini na bupropioni. Dawa hizo hazipatikani katika kila dispensari, kwa hiyo ulizia katika hospitali ya kaunti. Vidonge hivyo visinunuliwe ovyo. Bupropioni, kwa mfano, haifai kwa mtu mwenye kifafa. Daktari ndiye atakayekuchagulia.

Lakini hata pasipo dawa, neno la mganga lina nguvu. Kwa hiyo kila ufikapo hospitali, kwa ugonjwa wo wote, sema, "Daktari, mimi navuta, nataka kuacha." Usingoje aulize yeye.

Na mtu asidanganyike kwa kubadili namna ya tumbaku. Kiko na sigara ya kusokota mwenyewe hutoa moshi wenye sumu zile zile. Tumbaku isiyo na moshi, ya kutafuna au ya kunusa, nayo si salama, maana huleta saratani ya mdomo, ya umio na ya kongosho. Mtu akiacha sigara na kushika ugoro, bado hajafunguliwa.

NENO LA MWISHO

Shamba la skimu halikupatikana kwa urahisi. Watu wengine wamelipa deni lake miaka mingi, wamejenga nyumba, wamechimba visima, wamepanda miti ambayo wajukuu watakaa chini ya kivuli chake. Mtu aliyefanya kazi hiyo yote astahili kuiona matunda yake.

Kwa hiyo twakuomba mambo mawili. Kama wavuta, chagua siku wiki hii, umwambie mtu mmoja wa nyumbani. Na uvute usivute, uwe mwanamume au mwanamke, kesho asubuhi utazame mkojo wako kama umtazamavyo ng'ombe wako. Ukiona damu, hata kidogo, hata mara moja, hata kama haiumi, shika njia ya dispensari siku hiyo hiyo. Jirani yako atakukamulia.